Kabla ya Kununua Kirikuu, Piga Hesabu

Ndugu msomaji, siku ya soko simama kando ya barabara pale Muheza. Utaona magari madogo ya mizigo yakishuka kutoka milima ya Amani, na mengine yakitoka vijiji vya tambarare. Yamebeba machungwa, ndizi, mihogo na nazi. Hayana pua. Magurudumu yake ni madogo kama ya kuchezea watoto. Sote tunayaita kirikuu. Inasemekana jina hilo lilitoka kwa Kirikou, mtoto wa katuni ya Kifaransa ya mwaka 1998. Alikuwa mdogo wa mwili, lakini aliweza mambo yaliyowashinda wakubwa.

Kila msimu wakulima huniuliza swali moja: "Bwana shamba, tumevuna, tumeuza, tuna akiba kidogo. Je, tununue kirikuu?"

Swali hilo ni zuri. Mkulima asiye na usafiri huuza machungwa yake yakiwa bado mtini, kwa bei anayoitaka mchuuzi. Nyanya za Lushoto zikikosa gari siku mbili huoza ndani ya tenga. Maziwa hayangoji hata nusu siku. Lakini fedha ya kununua gari ni jasho la miaka mingi ya jembe. Ikipotea, haitarudi kwa msimu mmoja. Kwa hiyo mimi huwajibu kwa kuwauliza: Mtabeba nini? Kilo ngapi? Mara ngapi kwa wiki? Wengi hawana jibu. Wanajua bei ya gari tu.

GARI HILI LILITENGENEZWA KWA KAZI GANI?

Kirikuu hutoka Japani. Huko kuna sheria ya magari madogo iliyoanza mwaka 1949. Kwa sheria ya sasa, gari la namna hii lisizidi urefu wa mita 3.4, upana wa mita 1.48 na kimo cha mita 2. Injini yake isizidi sisi 660. Mzigo wake usizidi kilo 350. Mwenye gari hilo hulipa kodi ndogo kuliko mwenye gari kubwa.

Wakulima wa Japani hulitumia kupeleka mbolea shambani na kurudisha mazao. Njia zao za mashambani ni nyembamba, kama zetu. Daihatsu Hijet ilianza kutengenezwa mwaka 1960, na Suzuki Carry mwaka 1961. Basi si gari la jana.

Kwa nini Wajapani huyauza? Serikali yao hulikagua gari la namna hii kila baada ya miaka 2, na ukaguzi una gharama. Gari likianza kuzeeka, mwenyewe huona ni heri aliuze. Nasi tunalipokea vizuri, maana Wajapani huendesha kushoto kama sisi. Usukani uko kulia. Hakuna cha kubadilisha.

Yapo yenye bodi ya wazi na yapo ya boksi, yaliyofungwa kwa bati pande zote. Suzuki Every na Hijet Cargo ni ya boksi. Hayo yanafaa kwa maziwa, mikate na bidhaa za duka. Kwa machungwa, chukua la wazi.

Majina yasikuchanganye. Mazda Scrum ni Suzuki Carry iliyobandikwa jina jingine. Nissan NT100 Clipper ya tangu mwishoni mwa 2013 na Mitsubishi Minicab ya tangu 2014 nazo ni Carry. Honda Acty na Subaru Sambar ya zamani ni magari mengine kabisa, na injini zake ziko nyuma. Hayo si magari mabaya. Lakini kabla hujanunua, nenda kwa fundi wa mji wako, awe wa Muheza, Korogwe au Tanga, umwulize: "Hili unalijua? Spea zake zinapatikana hapa?" Akikuna kichwa, liache.

KILO 350 NI KIASI GANI?

Hapa ndipo watu wengi hupoteza gari. Tupime kwa vitu vyetu wenyewe.

Gunia la mahindi la kilo 100: kirikuu hubeba magunia matatu na nusu. Sizungumzii lumbesa. Saruji: mifuko 7 ya kilo 50. Pipa la maji la lita 200 lina kilo 200 za maji. Pipa moja ni sawa, mapipa mawili yamezidi. Maziwa: makopo 6 ya lita 50 ni lita 300, na lita moja ya maziwa ni nzito kidogo kuliko kilo moja. Ukiongeza uzito wa makopo yenyewe, umefika mwisho.

Machungwa je? Chukua machungwa yako 20, uyaweke kwenye mzani. Yakiwa kilo 4, basi machungwa 5 ni kilo moja. Kilo 350 ni machungwa 1,750. Hilo ndilo shehena lako. Mchuuzi akikuambia, "Tia 4,000, gari linabeba," anakuambia utie kilo 800. Yeye si mwenye gari.

Najua utasema: "Mbona naona kirikuu zikibeba hata tani moja?" Ni kweli, na mimi naziona. Mafundi wetu huongeza majani ya springi nyuma, na bodi haikai chini tena. Gari linaonekana limepata nguvu. Lakini fikiri, ndugu yangu. Springi kazi yake ni kubeba. Zinazosimamisha gari ni breki, na breki hazikuongezwa. Ni zile zile za kilo 350. Ekseli ni ile ile. Chesisi ni ile ile. Umeongeza kitu kimoja na kuviacha vitatu.

Sasa mteremshie mtu huyo gari kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo, au kutoka Amani kwenda Muheza. Mteremko ni mrefu na kona hazihesabiki. Dereva anakanyaga breki mfululizo. Breki zinapata moto, zinatoa harufu, kisha hazishiki tena. Dereva ataponea wapi? Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande wa pili ni bonde. Mwenye mzigo wa kilo 350 hushuka kwa gia ndogo, injini inalizuia gari, na breki anazigusa kidogo kidogo tu. Gia uliyohitaji kupandia mlima, shukia na hiyo hiyo. Madereva wa zamani wa malori ya mkonge walilijua jambo hili.

Tena usibebe watu juu ya mzigo. Hilo ni gari la mizigo, si la abiria. Akina mama wanaotoka sokoni hukaa juu ya matenga kwa kuwa hawana njia nyingine, nami nalielewa. Lakini mtu aliye juu ya tenga hana cha kushika.

TUPIGE HESABU PAMOJA

Chukua kalamu na daftari. Hesabu hii ni ya mfano tu. Mahali penye bei yangu, weka bei yako.

Kijiji chako kiko kilomita 40 kutoka Tanga mjini. Kwenda na kurudi ni kilomita 80. Tuseme gari likiwa na mzigo huenda kilomita 12 kwa lita moja. Basi litakunywa karibu lita 7. Tuseme lita moja ni shilingi 3,000. Petroli ni shilingi 21,000. Bei halisi utaipata kwa EWURA, ambao hutangaza bei ya juu kila mwezi, na Tanga ina bei yake katika tangazo hilo.

Dereva, shilingi 10,000. Ushuru na maegesho, 2,000. Akiba ya matairi, oili na matengenezo, 8,000. Akiba ya bima na leseni, 4,000. Jumla ni shilingi 45,000 kwa safari moja.

Tuseme mwenye mzigo anakulipa shilingi 70,000. Toa 45,000. Zinabaki 25,000.

Tuseme gari, pamoja na kodi na gharama zote za bandarini, lilikugharimu shilingi milioni 12. Gawanya milioni 12 kwa 25,000. Jibu ni safari 480. Ndipo fedha yako itakapokuwa imerudi. Ukienda safari 4 kila wiki, ni wiki 120, yaani zaidi ya miaka miwili. Ukienda safari 2 kila wiki, ni wiki 240, zaidi ya miaka minne na nusu. Na gari lile ulilinunua likiwa tayari limetumika Japani.

Unaona? Bei ya kununua si jambo kubwa kuliko yote. Idadi ya safari ndiyo inayoamua. Msimu wa machungwa ukiisha, kirikuu itabeba nini? Mwenye jibu la swali hilo anunue. Mkulima mwenye machungwa, mihogo na nazi anaweza kupata kazi mwaka mzima. Wafugaji wanaopeleka maziwa kituoni kila asubuhi wana kazi kila siku. Mwenye ekari mbili za machungwa na hana kingine, akodi gari la mwenzake, na ile fedha anunue miche na dawa.

Wakulima watano au kumi mnaweza kununua pamoja, kwa njia ya chama cha ushirika au kikundi cha kuweka na kukopa. Ni njia nzuri, lakini andikeni mapema: nani dereva, nani anashika fedha, gari linalala kwa nani, na mwanachama akipeleka mzigo wake analipa kiasi gani. Nimeona vikundi vikivunjika kwa sababu ya jambo hilo la mwisho. Kila mmoja alidhani gari ni lake, hivyo hakuna aliyelipa. Gari lilipotaka matairi, sanduku lilikuwa tupu.

KULIKAGUA GARI

Nenda asubuhi, na uende na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Gusa injini. Ikiwa ya moto, jiulize kwa nini ameliwasha. Gari bovu huwaka vizuri likishapata moto. Ubovu wake hujitokeza likiwa baridi.

Anza chini. Lala chali, utazame chesisi kwa tochi. Huko Japani sehemu zenye theluji hunyunyiziwa chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hula chuma. Gonga kwa bisibisi pale springi zinapofungwa, chini ya bodi, na kwenye sakafu ya kabini unapokanyaga kupanda. Bisibisi ikizama, ondoka. Usishawishiwe na rangi mpya. Rangi nyeusi iliyopakwa jana chini ya gari ina jambo inaloficha. Nasi watu wa pwani, kuanzia Moa hadi Pangani, tuna chumvi yetu ya upepo wa bahari. Gari lililokwisha kuanza kuoza likifika hapa halidumu.

Inua viti. Injini ya Carry iko chini yake. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona kitu cheupe kama maziwa mazito, maji yanaingia kwenye oili. Tazama maji ya rejeta injini ikiwa baridi. Yakiwa ya kutu au yana mafuta juu, usinunue. Rejeta iko mbele na injini iko chini ya viti, kwa hiyo maji husafiri kwa mabomba marefu. Bomba moja likivuja mlimani, injini inaungua.

Washa. Tazama moshi. Wa buluu, injini inakula oili. Mweupe usiokwisha, inakula maji. Mweusi, inakula petroli kupita kiasi. Kisha tafuta kilima, uliendeshe wewe au fundi wako. Badilisha gia zote. Kama ni la kuvuta magurudumu yote manne, jaribu na hilo pia. Kwa njia za udongo za Usambara wakati wa masika, hilo ndilo la kununua. Kwa Tanga mjini na barabara ya lami, ni gharama bure.

Carry nyingi za miaka ya 1990 zina injini iitwayo F6A. Hiyo hutumia mkanda wa taimingi, na mkanda una umri wake. Muulize muuzaji ulibadilishwa lini. Asipojua, badilisha mara moja. Carry za namba DA63T, zilizoanza mwaka 2002, zina injini ya K6A yenye mnyororo. Mnyororo hudumu zaidi, mradi oili ibadilishwe kwa wakati.

Matairi ya kirikuu ni ya mizigo, na wengi wao hutumia 145R12 yenye alama 6PR. Usifunge tairi la gari dogo la abiria kwa kuwa ni rahisi. Ubavuni mwa tairi kuna namba nne. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji akikuambia ni jipya, msomee hiyo namba.

KARATASI

Ndugu msomaji, wewe uliyejifunza kusoma, hapa elimu yako inaokoa fedha. Karatasi za gari usimwachie dalali azisome. Zisome mwenyewe, hata kama utatumia saa nzima.

Kwanza namba ya chesisi. Imegongwa kwenye chuma cha gari, na imeandikwa kwenye karatasi. Soma herufi moja moja, tarakimu moja moja. Moja tu ikitofautiana, usitoe hata shilingi.

Ukiagiza gari Japani kwa mtandao, lipa katika akaunti ya benki ya kampuni iliyoandikwa kwenye ankara. Jina la akaunti na jina la kampuni lazima yawe mamoja. Mtu akikuambia utume fedha kwa simu yake ili akuwahishie gari, huyo hana gari. Kampuni itakutumia ankara, hati ya shehena ya meli, na cheti cha Japani cha kulitoa gari nchini. Karatasi za Kijapani huandika miaka kwa namna yao. Ukiona neno Heisei, ongeza 1988: Heisei 20 ni mwaka 2008. Ukiona Reiwa, ongeza 2018.

Bei unayoiona mtandaoni si bei ya gari likiwa nyumbani kwako. Kuna ushuru wa forodha, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na tozo nyinginezo. Gari kuukuu sana hutozwa pia kwa uchakavu wake. TRA wana orodha yao ya thamani, hawafuati bei uliyopatana. Kikokotoo chao kiko kwenye tovuti. Mwombe kijana mwenye simu akusaidie, upate jumla kabla hujalipa chochote Japani. Gari lazima pia likaguliwe kwa viwango vya TBS. Uliza mapema litashushwa bandari gani. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali na bandari ya Tanga, na mizigo ililetwa kwa matishari. Sasa kina kimeongezwa na meli hufunga gatini. Hata hivyo magari mengi huja kwa Dar es Salaam, na kutoka huko hadi Tanga ni kama kilomita 350. Liendeshe polepole. Injini ndogo haipendi kukimbizwa siku nzima.

Ukinunua gari lililokwisha sajiliwa hapa nchini, dai kadi yake. Jina la kadi liwe la yule anayekuuzia. Andikeni mkataba mbele ya wakili, kisha nendeni TRA kubadilisha jina. Wengi huchelewa hapo. Hukaa na kadi ya mtu mwingine miaka mitatu, na siku wanapotaka kuuza, mwenye jina amekwisha kuhama. Angalia pia kama gari linadaiwa faini za trafiki au ada za maegesho. Namba ya gari inatosha kuangalia.

Kama utabeba mizigo ya watu kwa malipo, unahitaji leseni ya LATRA, na dereva wako awe na leseni ya daraja linaloruhusu gari la biashara. Bima ni lazima kwa sheria.

Gari likishafika nyumbani, lioshe chini kwa maji baridi kila wiki, hasa ukibeba samaki. Kisha nunua daftari la kurasa 100. Upande wa kushoto andika tarehe, mzigo, kilo na fedha iliyoingia. Upande wa kulia andika petroli, oili, matairi na fedha iliyotoka. Kilomita ziandikwe kila siku oili inapobadilishwa. Dereva aandike mwenyewe kabla hajashuka. Daftari likae ndani ya gari, na kalamu ifungwe kwa uzi.